Faili "zilizopotea": jinsi ya kuandika mabadiliko ya amri za kutafuta

Swali: Shikamoo mwalimu. Natunza programu-jalizi ndogo ya Vim, kihariri cha maandishi, tunayoitumia ofisini, tuko watu kumi na mmoja. Ina amri mbili: `:Tafuta`, inayotafuta maneno ndani ya faili, na `:Fungua`, inayotafuta faili kwa jina. Katika toleo la 1.4 nimebadilisha mambo matatu. Utafutaji sasa unaanzia kwenye mzizi wa mradi (saraka yake ya juu kabisa) badala ya saraka uliyomo, unaruka vilivyotajwa kwenye `.gitignore` (orodha ya vitu ambavyo Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, huviacha), na ndani nimeacha programu ya kutafuta ya `grep -rn` nikaweka nyingine, ripgrep. Kwenye orodha ya mabadiliko niliandika: "Utafutaji umeboreshwa, sasa una kasi zaidi." Tangu hapo kila siku naambiwa faili zimepotea. Nilipaswa kuandika nini, na wapi? Na niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Sentensi uliyoandika ni ya kweli, na ndiyo iliyowaponza wenzako. Umewaambia walichopata, hukuwaambia ambacho hawatakiona tena.

Amri ya kuhifadhi faili ikishindwa, inapiga kelele. Amri ya kutafuta ikiruka faili, haisemi kitu. Inakurudishia majibu manne badala ya matano, na manne yanaonekana kamili kabisa. Mtu akiona "hakuna" hulichukua neno hilo kama ushahidi: anafuta kazi (function) fulani ya msimbo kwa sababu utafutaji umesema hakuna anayeiita, au anamwambia bosi kwamba nywila ya zamani haipo popote kwenye mradi. Kwa hiyo anayeandika mabadiliko ya amri ya kutafuta ana deni kubwa kuliko anayeandika mabadiliko ya rangi za skrini.

Limeshanikuta. Tulikuwa tunahamisha seva inayopokea taarifa za malipo. Kazi yangu ilikuwa kutafuta anwani ya zamani kwenye mradi mzima na kuweka mpya. Kihariri nilichokitumia kikanionyesha sehemu nne. Nikabadilisha zote nne, nikapitia mara mbili, nikaenda kulala. Ya tano ilikuwa kwenye faili ya mipangilio ambayo jina lake linaanza na nukta. Usiku kucha taarifa za malipo zilikuwa zinakwenda kwenye seva tuliyokwisha kuizima, na asubuhi wateja walikuwa wamejaa kwenye simu wakiuliza kwa nini wamelipa na akaunti zao bado zimefungwa. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimesasisha kihariri kile, na maelezo ya toleo nilikuwa nimeyasoma. Yalisema utafutaji sasa ni wa haraka zaidi. Hayakusema ni wa haraka kwa sababu gani.

Sasa turudi kwako. Umeniandikia mabadiliko matatu. Nimekaa na maelezo yako nikahesabu, nimepata zaidi, na hapo ndipo penye shida yako hasa: huwezi kuandika mabadiliko ambayo hujui kwamba umeyafanya. Kutoka `grep -rn` kwenda ripgrep hukubadilisha injini tu, umebeba na desturi zake zote. Ripgrep, iliyotoka mwaka 2016, ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotafuta ndani ya miradi ya msimbo, kwa hiyo ina maamuzi yake. Bila kuambiwa chochote, haiangalii faili zilizofichwa, yaani zile zenye nukta mwanzoni mwa jina, hata kama hazimo kwenye `.gitignore`. Mwenzako mwenye kazi zake ndani ya `.github/` ameshapotelewa na saraka nzima, na kwenye maelezo yako hakuna neno hata moja linalomhusu.

Pia haisomi `.gitignore` ya mradi peke yake. Inasoma `.git/info/exclude`, na inasoma orodha ya jumla ambayo kila mtu anaweza kuwa ameiweka kwenye mipangilio yake ya Git. Maana yake ni kwamba wawili kati yenu wanaweza kukaa meza moja, mradi mmoja, wakaandika `:Tafuta` ileile na wakapata majibu tofauti. Halafu mtu aliyepokea mradi kama faili ya zip, bila saraka ya `.git`, kwake `.gitignore` haifanyi kazi kabisa, kwa kuwa kwa kawaida ripgrep huifuata pale tu inapoona kwamba ipo ndani ya ripo ya Git. Ukisikia "kwangu inaonekana, kwake haionekani", anza hapo.

Lakini lililonishtua zaidi ni mabano. Chukua mfano mdogo. Mwenzako anataka kujua kazi ya `lipa()` inaitwa wapi. Kwa miezi yote ameandika `:Tafuta lipa()`. `grep`, kwa lugha yake ya msingi ya ruwaza (alama za kueleza umbo la maneno yanayotafutwa), inayachukua mabano hayo kama herufi za kawaida, kwa hiyo ilimletea palepale penye `lipa()`. Kwa ripgrep mabano ni alama ya kundi, na `()` ni kundi tupu. Utafutaji uleule sasa unaleta kila penye `lipa`: `yalipasuka`, `tulipanga`, `alipata`. Kwenye msimbo wenye maelezo ya Kiswahili hilo ni gharika. Akiandika `lipa(` bila kufunga, anapata ujumbe wa hitilafu kuhusu kundi ambalo halikufungwa, na huyo ana bahati, maana walau ameambiwa. Asiye na bahati ni yule aliyezoea kuandika `lipa\|toza` ili apate mojawapo. Kwa `grep` ya GNU hiyo ni "au". Kwa ripgrep, mkwaju huo wa nyuma unaifanya `|` iwe herufi tu, kwa hiyo inatafuta maneno `lipa|toza` yakiwa yameunganishwa hivyohivyo. Haitayakuta, na itasema hakuna.

Kuna na mpangilio wa majibu. Ripgrep inafanya kazi kwa nyuzi nyingi kwa pamoja, kwa hiyo faili zinaweza kuja kwa mpangilio huu leo na mwingine kesho. Anayepita majibu kwa `:cnext` akikumbuka kwamba "lile la tatu ndilo langu" atapotea. Ukiongeza `--sort path` unapata mpangilio thabiti na unapoteza sehemu ya kasi uliyoisifia. Amua mwenyewe, ila uandike uamuzi wako.

Kabla hujaandika chochote, nakushauri ufanye hivi. Chukua toleo la 1.3 na la 1.4, uyaendeshe juu ya mradi mmoja kwa maneno kama ishirini ambayo wenzako huyatafuta kweli, uhifadhi majibu kwenye faili mbili, kisha uzilinganishe kwa `diff` baada ya kuzipanga kwa `sort`. Kila mstari uliopo upande mmoja na kukosekana upande mwingine ni sentensi unayodaiwa. Mimi siandiki maelezo ya mabadiliko ya utafutaji kwa kumbukumbu, naandika nikiwa na `diff` hiyo mbele yangu.

Ukishajua kilichobadilika, kitenganishe. Kiswahili chetu hapa kinatusaidia kuliko Kiingereza, maana kwetu kutafuta ni jambo moja na kupata ni jingine. Amri kama yako inafanya kazi nne kwa mfululizo: inakwenda mahali fulani (wapi?), inachuja (nini kinarukwa?), inalinganisha maneno (kwa kanuni ipi?), kisha inapanga na kuonyesha. Mzizi wa mradi ni badiliko la kwenda. `.gitignore` na faili zilizofichwa ni la kuchuja. Mabano ni la kulinganisha. Ukiyaweka yote kwenye kapu la "utafutaji umebadilika", msomaji hawezi kujua tatizo lake linatoka wapi. Mwenzako wa `.github/` atakwenda kuhangaika na saraka aliyomo, wakati tatizo lake ni kichujio.

Tazama jinsi wakubwa wanavyolibeba jambo hili. Neovim, kihariri kilichotokana na Vim, katika toleo la 0.10 lililotoka Mei 2024, ilibadilisha kitu kinachofanana sana na chako: chaguo `'grepprg'`, linalosema `:grep` iendeshe programu gani, sasa linachagua ripgrep kama imo kwenye kompyuta. Badiliko hilo limetajwa kwenye habari za toleo kati ya mambo ya chaguo-msingi yaliyogeuka, na ukienda kwenye msaada wa chaguo lenyewe unakuta amri kamili imeandikwa: `rg --vimgrep -uu`. Hizo herufi mbili za `u` ndizo ningetaka uzitazame. `u` ya kwanza inaiambia ripgrep isijali `.gitignore`, ya pili inaiambia iangalie na faili zilizofichwa. Yaani injini imebadilika, ila kichujio hakikuingia kwa mlango wa nyuma. Wewe ulikuwa na nafasi hiyohiyo. Siyo lazima uifuate, kwa maana kuruka `node_modules/`, saraka iliyojaa msimbo wa watu wengine, ni raha ya kweli, lakini ingekuwa toleo moja la kasi na toleo jingine la kichujio, kila moja na maelezo yake.

Hata hivyo habari ile ya Neovim ingenifaa zaidi kama ingegusa ruwaza. Mtu aliyezoea mabano ya `grep` atakumbana na jambo lilelile la `lipa()`, na mstari mmoja unaosema ripgrep inatumika hautamwonya. Ni lazima ajue tayari kwamba programu hizo mbili zinasoma mabano tofauti.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kihariri kingine, Emacs, toleo la 28 la mwaka 2022. Amri ya `project-find-file` ilikuwa ikichukua jina lililo chini ya kishale na kulifanya pendekezo la kwanza. Wakaliondoa pendekezo hilo. Maelezo yao yana sentensi mbili tu: ya kwanza inasema haifanyi hivyo tena, ya pili inasema jina hilo sasa unalipata kwa kubonyeza `M-n` (Alt na n). Kilichoondoka kimetajwa, na kilipohamia kimetajwa. Mtu aliyezoea njia ya zamani anasoma kwa sekunde tano na vidole vyake vinajifunza upya siku hiyohiyo.

Kuhusu mahali pa kuandika, Emacs ina desturi ambayo unaweza kuiiga hata kwa kikundi cha watu kumi na mmoja. Faili yao ya `NEWS` (ndani ya Emacs unaifungua kwa `C-h n`) huwekewa alama wakati toleo bado linaandaliwa. Jumlisha tatu, `+++`, juu ya habari maana yake miongozo imeshasasishwa kulingana na badiliko hilo. Vistari vitatu, `---`, maana yake mwongozo hauhitaji kuguswa. Habari isiyo na alama ni deni, inabidi mtu aende kuangalia. Inazuia kosa la kawaida kabisa: habari inasema hivi na msaada bado unasema vile.

Maana habari na msaada ni vitu viwili, na usivichanganye. Orodha ya mabadiliko inasomwa na mtu aliyejua zamani, kwa hiyo ni lazima iseme "awali" na "sasa". Msaada unasomwa na mtu aliyeajiriwa jana, huyo hana habari na zamani yako. Kwake andika inavyofanya kazi leo, moja kwa moja, na kama ni muhimu weka neno fupi kama "tangu 1.4". Nimeona misaada iliyojaa "hapo awali ilikuwa hivi, kisha ikawa hivi", mpaka mgeni hajui lipi ndilo la leo. Na sababu za uamuzi wako, kwa nini mzizi wa mradi na kwa nini ripgrep, ziweke kwenye ujumbe wa commit (maelezo yanayohifadhiwa na Git pamoja na kila badiliko), ambako atakayekuja kuutunza msimbo baada yako atazikuta kwa `git blame`.

Programu-jalizi yako ina saraka ya `doc/`? Kama haina, itengeneze leo. Andika `doc/tafuta.txt`, ndani yake weka alama kama `*:Tafuta*` na `*tafuta-kichujio*`, kisha endesha `:helptags` juu ya saraka hiyo. Baada ya hapo `:help :Tafuta` inafanya kazi kama msaada wowote wa Vim. Watu wa Vim huamini msaada kuliko tovuti yoyote, na si bure: Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kuitunza hadi alipofariki Agosti 2023, aliutunza msaada kwa uangalifu uleule aliotunza nao msimbo. Hata watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda, ambako aliwahi kujitolea, wana ukurasa wao humo. Andika `:help Uganda` utausoma.

Kuna sehemu nyingine ya maandishi ambayo wengi hawaihesabu, nayo ndiyo inayosomwa kuliko zote: ujumbe unaotokea pale asipopata kitu. `:find` ya Vim yenyewe ikikosa faili inatoa E345, na ujumbe wake unasema faili haikuonekana kwenye `path`. Neno hilo moja linamwelekeza mtu aandike `:set path?` aone Vim ilikwenda kutafuta wapi. Amri yako inasemaje ikikosa? Kama inasema "Hakuna" na kunyamaza, badilisha. Iseme: "Hakuna 'lipa' chini ya ~/kazi/malipo. Faili za .gitignore na zilizofichwa zimerukwa, tumia :Tafuta! kuziangalia." Unaweza kwenda mbele zaidi: majibu yakiwa sifuri, endesha ripgrep mara ya pili kwa `-uu -l`, ikikuta kitu useme "yapo kwenye faili 3 zilizorukwa". Wakati huo mtu hana majibu, hatajali kusubiri kidogo. Na yakiwepo majibu, weka kichwa cha orodha ya quickfix (orodha ambamo Vim huonyesha majibu) kwa `setqflist()` kinachotaja mzizi na vichujio vilivyotumika, ili anayeona majibu manne ajue manne hayo yametoka wapi.

Lugha: andika Kiswahili. Wenzako wanakulalamikia kwa Kiswahili, wanasema "faili zangu zimepotea". Basi neno "hazionekani" au "zimepotea" liwemo kwenye maelezo yako, kwa sababu ndilo watakalolitafuta. Majina ya amri na ya chaguo yaache yalivyo, usitafsiri `.gitignore` wala `--hidden`. Siku programu-jalizi yako ikitoka nje ya ofisi, ongeza Kiingereza pembeni.

Sasa hivi ningefanya hivi: toa toleo jipya wiki hii, uliite 2.0, maana kutoka 1.3 kwenda 1.4 hakuna anayetarajia kitu chake kukatika. Rekebisha ruwaza kwanza. Ningefanya `:Tafuta` itumie `-F`, yaani maneno yachukuliwe yalivyo, na ruwaza ziwe na amri yake, maana wengi wenu mnatafuta majina ya kazi na siyo ruwaza. Juu kabisa ya orodha ya mabadiliko, kabla ya neno lolote la kasi, weka kitu cha namna hii:

```
2.0  YANAYOWEZA KUKUFICHA MAJIBU

:Tafuta na :Fungua haziangalii faili zilizotajwa kwenye
.gitignore, wala zenye nukta mwanzoni mwa jina.
  Awali (hadi 1.3): faili zote ziliangaliwa.
  Sasa: .env, .github/, node_modules/ n.k. hazionekani.
  Kuziona mara moja:  :Tafuta! neno
  Kuziona daima:      let g:tafuta_zote = 1
  Badiliko hili liliingia 1.4 bila kutajwa.

:Tafuta inaanzia mzizi wa mradi (penye .git).
  Awali: saraka uliyomo (:pwd).
  Sasa: ukiwa ndani ya api/, utaona na majibu ya web/.
  Kurudisha ya zamani: let g:tafuta_mzizi = 0

:Tafuta inachukua maneno yalivyo. lipa() ni lipa() tu.
  Awali: ruwaza za grep (1.3), za ripgrep (1.4).
  Sasa: kwa ruwaza tumia :TafutaRuwaza, kanuni za ripgrep.
  lipa\|toza ya zamani sasa huandikwa lipa|toza.
```

Angalia kwamba kila habari ina mfano wa kitu wanachokijua kutoka mradi wao wenyewe. `web/` na `api/` nimezibuni mimi, wewe weka saraka zenu halisi. Na ule mstari wa "bila kutajwa" usiuondoe. Kuna mtu ofisini kwenu ambaye tangu 1.4 ametafuta kitu, akaambiwa hakipo, akafanya uamuzi. Mstari huo ndio utakaomrudisha akaangalie tena.

Ukimaliza kuandika, usinitumie mimi. Mtumie mwenzako mmoja asiyejua ndani ya programu-jalizi mna nini, kisha muulize maswali matatu bila kumruhusu aendeshe amri: ukitafuta anwani ya seva, `.env` itaonekana? Ukiwa ndani ya `api/`, utaona majibu ya wapi? Ukitaka mambo yawe kama zamani, utaandika nini? Akikwama kwenye lolote, mstari unaohusika ndio wa kuandika upya.